Kilo zetu zinafia njiani, kati ya kampuni na kampuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Najua umezoea kuletewa barua za barabara, maji na umeme. Yangu ni ya mzani, na ni ndefu kidogo. Ukiona lazima uikate, ikate popote utakapo, ila pale penye hesabu uniachie kama palivyo.

Mimi ni karani wa mzani katika kijiji kimoja cha wilaya ya Micheweni, kaskazini Pemba. Kazi yangu ni kupima mwani. Akina mama wanavuna, wanaanika, wanatia kwenye mapolo, wananiletea. Mimi natundika, nasoma, naandika. Nimeifanya kwa miaka kumi na minne. Kabla ya hapo nilisomesha skuli ya msingi, na baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani ndio hawa leo wanaonibishia kilo mbele ya watu.

Siku hizi ukifungua redio, mazungumzo ni uchumi wa buluu. Tangu 2020 tuna wizara yenye jina hilo, boti zimegaiwa, mikopo imetolewa, na sisi watu wa pwani hatuna ubaya wa kusema juu ya hayo. Ila mimi nataka kuzungumzia kitu kidogo sana kuliko boti: karatasi. Karatasi ambayo idara moja inaiandika na idara nyengine haiioni, ingawa zote mbili zinakula kwa tajiri mmoja.

Nieleze kwanza tulivyopangwa. Tajiri wetu ana kampuni tatu zinazogusa mwani. Moja, hii yangu, inanunua vijijini na inakopesha kamba na taitai, zile nyuzi za kufungia mbegu ya mwani kwenye kamba. Ya pili ina majahazi ya injini yanayobeba mizigo kati ya Wete, hapa Pemba, na Malindi, bandari ya mjini Unguja. Ya tatu ina ghala mjini Unguja, na ndiyo inayopokea, inayosafisha, inayokandamiza marobota kwa mashine na kuyatia kwenye kontena kwenda nje. Kila moja ina muhuri wake, daftari lake, meneja wake, na bahashishi yake ya mwisho wa mwaka kwa kadiri ya faida iliyoonesha. Hilo la bahashishi naomba msomaji alikumbuke, nitalirudia.

Marehemu baba yangu alikuwa na mikarafuu huku Pemba. Yeye hakujua matatizo haya. Karafuu tangu 1968 mnunuzi wake ni shirika la serikali, ZSTC. Baba alikuwa akibeba magunia hadi kituoni, anapimwa pale, biashara yake inaishia pale. Mwani ulikuja kwa njia nyengine. Ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989 kule Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na tangu siku ya mwanzo ulikuwa mikononi mwa kampuni binafsi. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba polo la mwani linapita mikono mingi zaidi kabla ya kutoka nchini, na kila mkono una kalamu yake.

Basi sikiliza kilichotokea.

Mwezi wa Januari, mwaka juzi, katikati ya kaskazi, msimu wetu wa joto, nilipeleka Wete mapolo 64 ya mwani mwembamba. Kila polo lilisoma kilo 50 kwenye mzani wangu, jumla kilo 3,200. Niliandika, nikatia saini, gari likaondoka. Wiki mbili baadaye ikaja barua pepe kutoka mjini, kupitia ofisi yetu kuu, ikapitia Chake Chake, ndipo ikanifikia mimi kwa simu ya msimamizi wangu: mzigo umepokelewa kilo 3,041, upungufu kilo 159. Bei yetu wakati ule ilikuwa shilingi 700 kwa kilo. Fanya hesabu, ni shilingi 111,300. Zikakatwa katika malipo ya bamvua lililofuata, yaani yale maji makubwa ya kila wiki mbili hivi, zikagawanywa kwa kila mama kwa kadiri ya mapolo yake.

Kulikuwa na bibi mmoja wa upande wa Kiuyu. Kusoma hajui, lakini kuhesabu anajua kuliko mimi. Ana kipande cha kamba ya mwani, ileile ya shambani, na kila polo analopima analifungia fundo. Siku ya malipo alikaa mbele ya meza yangu, akaiweka kamba juu ya daftari langu, akayapitisha mafundo kwa kidole kimoja kimoja, saba. Halafu akaniuliza, bila ya hasira: "Mwanangu, bahari yangu mimi, mzani wako wewe. Sasa hizi kilo zimefia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ni mambo ya mjini. Ni jibu la kihuni, nalijutia mpaka leo.

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikigombana kwa simu na karani wa ghala la Malindi. Sikuwahi kumuona. Kwa sauti yake nilimchora kichwani: mwanamke wa mjini, mrefu, mwenye kiburi, aliyekaa chini ya feni. Yeye, kama alivyonieleza baadaye, alikuwa amenichora mimi mzee mwizi. Kila upungufu ukitokea, yeye anaandika kwa meneja wake, meneja wake anaandika kwa meneja wangu, wangu ananipigia mimi, mimi nampigia yeye, tunatukanana kwa adabu, kisha kila mmoja anarudi kwenye daftari lake. Naye alikuwa hajawahi kuuona mwani ukiwa umeanikwa. Mimi nilikuwa sijawahi kuiona mashine ya kukandamiza marobota. Tulikuwa tunabishana juu ya polo moja, kila mtu akiwa ameshika ncha yake gizani.

Usidhani wakubwa walikuwa hawajaliona tatizo. Waliliona, wakaitisha semina. Mameneja wa kampuni zote tatu walikaa siku mbili katika hoteli moja huko Unguja, wakafundishwa ushirikiano wa idara, wakarudi na fulana zilizoandikwa kwamba sisi ni familia moja. Makarani hatukuitwa. Likaundwa na kundi la wasapu, na mimi nimo. Kila Ijumaa tunapata maua na dua, jambo jema kabisa, lakini sijawahi kuona mtu ameandika humo jahazi linaondoka lini.

Kilichotukutanisha mimi na yule karani ni msiba. Bibi yake alifariki Wete, na siku chache kabla ya hitima akanipigia: "Mjomba, nakuja Pemba. Nikishamaliza shughuli ya marehemu nitapanda gari nije kwako, na nakuja na jiwe langu. Tumalize ubishi."

Alikuja kweli. Ni mwanamke mfupi, mwenye miaka kama thelathini, na bahari ilikuwa imemchosha. Alikuwa amepakata kitu kizito kilichofungwa kwenye kanga. Abiria wenzake, aliniambia, walidhani kabeba sinia ya halua na wakawa wanamtania awaonjeshe. Ilikuwa ni jiwe la mzani la kilo 20, la chuma, lililopigwa chapa na watu wa vipimo. Hakutaka hata maji ya kunywa. Akasema nitundike.

Nikatundika. Mshale ukapita 20, ukasimama kwenye 20 na robo.

Mhariri, kulikuwa na akina mama kama kumi na wawili pale. Nilitamani ardhi inimeze. Mzani wangu wa springi, ambao niliapa juu yake kwa miaka, ulikuwa unasoma zaidi ya kweli. Kwenye polo la kilo 50 ni zaidi ya nusu kilo ambayo haipo. Sikuiba, kilo za ziada zilikuwa zinaingia kwa akina mama na si kwangu, lakini ni kosa, na kosa ni langu. Ningeweza kulificha katika barua hii. Nimeliandika kwa sababu bila ya hilo hesabu inayofuata haitakaa sawa.

Tulichagua mapolo kumi, tukayashona midomo kwa uzi mwekundu ili yatambulikane. Mzani wangu ulisoma kilo 500. Kwa jiwe lake, uzito wa kweli ulikuwa 494. Kilo sita ni zangu. Kisha tukayaacha yaende njia ya kawaida, bila ya kumwambia mtu. Yakapelekwa Wete, yakakaa kwenye ghala la bati siku tisa. Kwa nini siku tisa? Kwa sababu jahazi lilikuwa Malindi likingoja lijae saruji, magodoro na vitunguu vya kuja Pemba. Meneja wa majahazi anapimwa kwa faida ya majahazi. Kwake yeye jahazi linalokuja nusu tupu ni dhambi, na mwani unaokauka Wete si wake. Ukilitazama daftari lake peke yake, ana haki.

Na mwani unakauka, jamani. Anayejua kazi hii anajua kwamba haununuliwi ukiwa mkavu kama kuni. Unauzwa ukiwa bado na unyevu wake, kama theluthi ya uzito au zaidi kidogo, na chumvi yake inavuta na kuachia maji kwa kadiri ya hewa. Siku tisa chini ya bati, kwenye jua la kaskazi, hazipiti bure. Yule binti alipoyapokea mapolo ya uzi mwekundu pale Malindi aliyapima kabla ya mtu kuyagusa: kilo 483. Kilo 11 zimeruka hewani Wete.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi nilikuwa sijui hata kama linafanyika. Akayafungua, yakakung'utwa kwenye wavu kama yanavyokung'utwa mapolo yote, mchanga ukatoka, akapima tena: 475. Huo ndio uzito ambao kampuni yao inauita "uliopokelewa". Si uzito uliofika, ni uzito uliobaki baada ya kukung'uta! Kwa mashine yao wana haki, maana mchanga ndani ya robota unaharibu jina kwa mnunuzi wa nje. Lakini hakuna aliyetuambia, na karatasi yao haina nafasi ya kuandika namba mbili, ina ya moja tu.

Jumla kilo 25 katika 500. Sita kosa la mzani wangu, kumi na moja jahazi lililochelewa, nane mchanga. Ukirudi kwenye zile 159 za Januari utaona zinakwenda palepale, tano katika mia. Na zote, za mzani, za jahazi na za mchanga, zilikatwa kwa bibi wa mafundo saba.

Kuna jambo jengine tuligundua tulipolinganisha madaftari, nalo ndilo lililonichoma zaidi. Wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa maji, mwani unavuta unyevu na mzigo unafika Malindi mzito kuliko ulivyoondoka kwangu. Binti alinionesha miezi ya aina hiyo. Kwenye safu ya upungufu wameandika sifuri, na ziada haina safu. Upungufu unapanda jahazi kuja Pemba, ziada haijui kuogelea.

Nikauliza inakwenda wapi. Akasema inaingia kwenye faida ya ghala, na faida ya ghala ndiyo bahashishi ya ghala. Nilimuomba msomaji akumbuke bahashishi. Hakuna mtu mbaya katika hadithi hii, Mhariri, nimetafuta sana. Kuna kampuni tatu ambazo kila moja imeambiwa ioneshe faida yake, na njia nyepesi ya kuonesha faida ni kuisukumia hasara kampuni ya jirani, nayo iisukume kwa jirani yake, mpaka ifike kwa mtu asiye na jirani wa kumsukumia. Huyo anakaa Kiuyu.

Watu huona kuwa kampuni za tajiri mmoja ni rahisi kushirikiana kuliko za wageni. Mimi nimeona kinyume. Ukiuza kwa mgeni mnaandikiana: uzito unapimwa wapi, kwa mzani gani, unyevu kiasi gani, mzigo ukichelewa nani anabeba. Ukiuza kwa kampuni ya ndugu unaambiwa sisi ni wamoja, yanini karatasi. Basi mnakuwa wamoja mpaka siku ya hasara. Siku hiyo kila mtu anakumbuka muhuri wake. Ni kama ndugu wanaolima shamba la urithi bila ya kuligawa; mazao yakiwa mengi halina mipaka, yakiwa machache mipaka inaonekana hata usiku.

Hata suala la kamba lilikuwa hivyohivyo, na hapo kampuni ni moja, idara mbili tu. Idara ya vifaa inakopesha kamba na taitai, inaandika deni. Idara ya malipo inakata deni. Hazina orodha moja. Mama mmoja alilipa deni lake kwa fedha taslimu kwa mtu wa vifaa, akapewa stakabadhi, na bado idara ya malipo ikamkata bamvua mbili mfululizo. Kurejeshewa kulichukua zaidi ya mwezi na nauli tatu za gari kwenda Chake. Nilipouliza, kila upande ulinionesha kwamba daftari lake liko sahihi. Na kweli yalikuwa sahihi yote mawili!

Tulifanya nini mimi na binti wa Malindi? Kitu kidogo tu. Tuliandika karatasi moja yenye mistari minne: kilo za kijijini, tarehe ya kutoka Wete, kilo zilizofika kabla ya kukung'utwa, kilo baada ya kukung'utwa. Mimi najaza wa kwanza. Kijana wa mizigo pale gati ya Wete, wa kampuni ya majahazi, anajaza wa pili. Yeye anajaza miwili ya mwisho, anaipiga picha, anatutumia jioni ileile. Watu watatu, kampuni tatu. Hatukuomba ruhusa kwa sababu haikutupitikia kwamba kuambizana ukweli kunahitaji ruhusa.

Mzani wangu niliupeleka kutengenezwa, na jiwe aliniachia niwe naupima kila asubuhi mbele ya akina mama. Wao wenyewe walipenda lile jiwe. Bibi wa mafundo alikuwa hapimi mpaka alione limetundikwa kwanza.

Kuhusu mchanga nilikaa na akina mama nikawaeleza nilichokiona Malindi. Nilikuwa nimekwenda, ndiyo; nilipanda jahazi lenyewe pamoja na mapolo, nikasimama mbele ya ile mashine, nikaona robota linavyotoka gumu kama tofali. Nikaona na chungu ya mchanga pembeni, mchanga wa kwetu, mweupe, unaotupwa mjini baada ya kulipiwa nauli. Wengi walikuwa wanaanika chini. Wakatafuta nyavu kuukuu na maturubai, waliokuwa na uwezo wakajenga chanja. Mchanga ukashuka mpaka kilo mbili, tatu katika mapolo kumi.

Na jahazi? Hapo hatukuweza kumlazimisha mtu. Lakini kijana wa gati alianza kunipigia tangu jahazi linapoanza kupakia Malindi. Akisema "linaondoka keshokutwa", mimi ndio napeleka mzigo Wete. Mwani ukawa unakaa kwenye bati siku mbili au tatu badala ya tisa. Simu moja, Mhariri. Kwa miaka mingi kilo zilikuwa zinaruka hewani kwa kukosa simu moja.

Kwa muda wa kama mwaka na miezi hatukukatwa chochote cha kuzungumzwa. Upungufu mdogo ulikuwepo, na ulipokuwepo tulijua umetoka mstari gani.

Kisha ghala likapata meneja mpya. Sina neno na elimu yake, anaonekana mtu msomi na nadhifu. Aliikuta karatasi yetu mezani kwa binti, akauliza ni hati ya nani. Haikuwa ya mtu. Haina nambari wala nembo, na haimo katika utaratibu wa kampuni yoyote kati ya tatu. Akatoa agizo: hizi ni kampuni tofauti kisheria, karani wa kampuni moja asipelekeane hati na karani wa kampuni nyengine, kila kitu kipitie ofisi kuu. Alitaja na mambo ya kodi, kwamba vitabu visichanganywe.

Kweli, vitabu visichanganywe. Kila kampuni ina usajili wake na hesabu zake za kodi, na mtu wa mapato akija anataka kuona kila moja peke yake. Hilo hata mwalimu wa zamani wa skuli ya msingi analifahamu. Lakini kuniambia polo langu limefika na kilo ngapi si kuchanganya vitabu. Ni kinyume chake. Ndiyo kuvifanya vitabu viwili viseme jambo moja. Mkaguzi akikuta kwangu 3,200 na kwako 3,041, na katikati hakuna karatasi, huyo ndiye atakayeuliza maswali.

Binti ana watoto na anataka kazi yake. Aliacha. Kijana wa gati naye alipoona mmoja ameacha akaogopa. Mwezi uliopita nimeletewa tena barua ya upungufu, kwa njia ileile ndefu, na makato yameshapigwa.

Ninaloliomba kwa wenye kampuni, si huyu wetu tu, maana najua vijiji vyengine, Pemba hii na pwani ya mashariki Unguja, vina mizani inayolia kama wangu, ni mambo ya kawaida mno. Mwacheni anayekabidhi mzigo na anayeupokea wazungumze wao kwa wao, na watie saini karatasi moja. Kila mwaka karani wa mjini alale kijijini angalau bamvua moja, na wa kijijini asimame ghalani wiki moja. Nauli ya boti ni rahisi kuliko hoteli ya semina. Na ile bahashishi ihesabiwe kwa robota lililoingia kwenye kontena likiwa zima, kampuni zote tatu pamoja, ili meneja wa majahazi apate sababu ya kuuhurumia mwani ulioko Wete. Hili la mwisho ndilo gumu, najua, kwa sababu linagusa mfuko wa watu wenye viti. Ila bila ya hilo hayo mengine yatafanyika kwa siri, kama tulivyofanya sisi, na yatavunjwa na meneja wa kwanza atakayeyakuta mezani.

Watu wa vipimo nao wapite vijijini mara kwa mara. Mizani ya springi inachoka, na karani anayeupenda mzani wake haoni kama umechoka.

Nimalizie na habari moja. Mwaka huu wote nimepokea barua moja tu ya moja kwa moja kutoka kampuni ya ghala, yenye nambari, nembo na muhuri. Haihusu kilo wala jahazi. Inataka nirejeshe jiwe la kilo 20, mali ya kampuni, lililotoka ghalani bila ya kibali.

Nitalirejesha, si langu. Ila ni zito, na mimi mgongo umeanza kunisumbua. Namuomba meneja aje alichukue mwenyewe. Maji ya bamvua yanaanza Jumamosi. Tutakuwa tunapima kuanzia saa tatu asubuhi, na bibi wa mafundo atakuwepo.

Wako,
Karani wa mzani,
Micheweni, Pemba.
(Jina langu analo Mhariri.)